Aya ya Kumi na Moja

Kikombe cha bati kilikwaruza ukingo wa ndoo gizani. Kimya. Kikakwaruza tena.

Nyamizi alifumbua macho. Mtoto wa miaka minane haamki saa kumi na moja alfajiri kunywa vikombe viwili vya maji kwa sababu ya kiu. Kabula alikuwa na selimundu, na kliniki walimfundisha kwamba maji mengi husaidia damu kupita. Basi kila maumivu yalipoanza kumtambaa mifupani alijitibu mwenyewe kimyakimya, ili mama apate usingizi.

"Kabula."

"Abee, mama."

"Wapi leo?"

"Magoti. Na kiunoni kidogo."

Kabla Nyamizi hajaifikia ndoo, kitone cha kijani kiliwaka ukutani juu ya kalenda na sauti ikasema, "Mimi ni Kabula. Nina maumivu kidogo. Naweza kuvumilia."

Ilikuwa sauti ya Kabula kabisa, ila ya Kabula wa miaka sita, mwenye pengo la meno ya mbele. Kile kilikuwa kivuli chake. Kila mtoto wa selimundu alipewa kimoja: kidude cha ukubwa wa kiberiti, kinachomsikiliza nyumbani na kliniki mpaka kikajua kujibu badala yake. Mwanzoni ilikuwa ili daktari asimwamshe mtoto aliyelala. Baadaye ikawa ili wakubwa wasisumbuke kumuuliza mtoto aliye macho.

"Mwongo huyo," alisema Kabula. "Mimi sijasema naweza kuvumilia."

"Umesema kidogo."

"Nimekwambia wewe. Yeye sijamwambia."

Nyamizi alicheka, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akachovya kitambaa, akakikamua na kukizungusha kwenye goti. Lilikuwa goti dogo, kavu, lenye kovu la kuangukia changarawe. Alilipuliza kama mtu anayepoza uji.

"Leo mama anaenda kwenye kikao," alisema.

"Cha dawa yangu?"

"Cha dawa ya watoto kumi na wawili. Wewe ni wa tatu."

"Kwa nini siyo wa kwanza?"

"Wamepanga kwa uzito."

Kabula alifikiri. "Basi leo nitakula sana," alisema, kisha akauma midomo kwa sababu maumivu yalikuwa yamehamia bega la kushoto.

*

Kamati ya Maadili ya Utafiti ya Kanda ilikutana ghorofa ya nne, mjini Tabora, katika chumba chenye kipoza hewa na mazulia. Kazi yake, kwa mujibu wa makaratasi, ilikuwa kumlinda binadamu asije akafanyiwa jaribio asilolijua. Kwa jinsi Nyamizi alivyoiona kwa miezi saba, kazi yake ilikuwa kula sambusa.

Kamati za namna hii duniani kote hutakiwa kuwa na mtu mmoja asiye mtaalamu, mtu wa mtaani, ili wasomi wasije wakajisahau. Tabora walimpa mtu huyo jukumu moja: kusoma fomu ya ridhaa kwa sauti, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huku wataalamu wakisikiliza. Aliyemtangulia Nyamizi, katekista mstaafu, alisoma miaka sita, na hakuna aliyemkatisha hata siku moja, isipokuwa kumwomba asogeze bakuli la pilipili. Alipofariki wakamtafuta mzazi wa mgonjwa, na Nyamizi akawa ndiyo kwanza amepata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni. "Mama wetu wa masomo ya jioni," ndivyo Profesa Katunzi, mwenyekiti, alivyomtambulisha siku ya kwanza. Wenzake walitabasamu kwa upole ule ambao watu humpa mbwa anayeweza kusimama kwa miguu miwili.

Siku hiyo shauri lilikuwa Uboho Mpya. Uboho wa mtoto wenye kasoro, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unafagiliwa wote kwa dawa kali, kisha anawekewa mpya uliooteshwa kwenye mtambo kutokana na chembe zake mwenyewe. Baada ya hapo damu yake haijikunji tena kama mundu maisha yake yote. Nyamizi alikuwa ameisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi kiasi kwamba karatasi ilianza kulegea kwenye kunjo.

Jaribio lilikuwa la nchi nne zilizofungamana kwa mkataba, na mkataba uliziita kwa namba. Nchi ya Kwanza, yenye theluji, ndiyo iliyobuni dawa. Kamati yake haikuwa na hata daktari mmoja, ilijaa mawakili, na walichoogopa ni kushtakiwa tu. Nchi ya Pili, kisiwa chenye majengo marefu, ilikuwa imemaliza ubishi wa binadamu. Kamati ilikuwa mashine, na wazee watatu waliajiriwa kuitikia kwa vichwa. Nchi ya Tatu ndiyo yenye mtambo wa kuotesha uboho, na kamati yake ilikaa ndani ya uzio wa mtambo, ikitumia kantini ileile. Nchi ya Nne ilikuwa sisi. Sisi ndio tuliokuwa na watoto.

Ili mambo yaende haraka, mkataba uliruhusu kamati moja kuegemea kazi ya nyingine. Ikiwa jirani amekwishakagua, hakuna haja ya kukagua tena. Waliita hilo kuaminiana. Nyamizi alipoishi nyumba ya wapangaji sita, kila mmoja aliamini mwenzake ameosha choo.

Alisoma aya kumi za kwanza bila tukio. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani wawakilishi wa nchi tatu walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye mraba wake, na mmoja alikuwa anakata kucha, akidhani haonekani.

"Aya ya kumi na moja," alisoma Nyamizi. "Athari za muda mrefu kwa uzazi wa mtoto. Mabano. Kamati ya nchi husika itajaza hapa. Funga mabano." Akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Endelea, mama," alisema Profesa Katunzi.

"Hapa pameachwa wazi, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Ruka hapo."

"Niruke kwenda wapi? Wazazi wataisoma hii."

Profesa aliweka sambusa chini kwa uchungu wa mtu aliyekatishwa ibada. "Wenzetu wa Nchi ya Kwanza watufafanulie basi, mama yetu apate amani."

Wakili wa Nchi ya Kwanza alisema, kwa sauti ya mkalimani, kwamba suala la uzazi ni nyeti kiutamaduni, na wao, kwa heshima, waliwaachia wenyeji. Mashine ya Nchi ya Pili ilisema kumbukumbu zinaonyesha aya imejazwa na kamati nyingine. Yule wa Nchi ya Tatu alificha kikata kucha, akasema wao waliegemea ukaguzi wa Nchi ya Pili.

"Na sisi?" aliuliza Nyamizi.

"Sisi tumeegemea Nchi ya Tatu," alisema Profesa. "Ni utaratibu."

"Kwa hiyo wa Kwanza ametuachia sisi, sisi tukamwachia wa Tatu, wa Tatu akamwachia mashine, na mashine inadhani mtu ameandika. Nani ameandika?"

Kipoza hewa kiliunguruma. Walikuwapo pale madaktari watano wenye shahada zisizotosha kwenye kadi zao, na wote walikuwa wanatazama meza kama wanafunzi walioulizwa nani kavunja dirisha.

"Basi niambieni mimi," alisema Nyamizi. "Dawa ya kufagia inafanya nini kwenye uzazi?"

"Kuna uwezekano," alisema Profesa, "kwamba watoto sita kati ya kumi watakaotibiwa hawatazaa."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa ya mji mwingine.

Nyamizi alisikia masikio yake yakijaa maji. Sita kati ya kumi. Alikuwa amekaa na watu hawa miezi saba, amewasogezea pilipili, na walilijua hili, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mahali pake ni kwenye karatasi.

"Tuandike hivyo," alisema. "Ni mstari mmoja."

"Mstari mmoja utawaogopesha wazazi."

"Si ndiyo maana ya kuwaambia?"

"Mama Kabula, fomu ikiongezwa neno moja inarudi nchi zote nne kuanza upya. Uboho uliooteshwa ni kitu hai, unakaa siku tisa nje ya mtambo kisha unakufa. Ndege inatua Alhamisi. Tukiukosa mzunguko huu, tunasubiri miaka miwili." Aliegemea kiti. "Halafu, kanuni inanilazimisha kusema jambo. Wewe mwanao yumo kwenye orodha. Una mgongano wa maslahi. Pingamizi lako haliwezi kuhesabiwa."

"Mwezi uliopita nilipiga kura ya kukubali jaribio. Mlinihesabu."

"Ile ilikuwa kura ya kukubali."

Waliandika kwenye kumbukumbu kwamba mjumbe wa kawaida ametoa maoni ya kiuhariri, nayo yatafanyiwa kazi. Kisha wakaagiza chai.

*

Profesa alimfuata koridoni. Akiwa mbali na wenzake alikuwa na sauti laini, ya mjomba.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimezika watoto wengi wa selimundu kuliko umri wako. Mtoto wako ni namba tatu. Alhamisi hiyohiyo anaanza kufagiliwa, baada ya wiki kumi na mbili anacheza rede na wenzake. Unataka nini zaidi? Kesho saa sita tunapiga muhuri. Ukae, usome, unyamaze. Hakuna atakayekulaumu."

Kibaya ni kwamba huenda alisema kweli kuhusu makaburi. Kibaya zaidi ni kwamba Nyamizi alitaka kunyamaza. Alisimama pale na mkoba wake wa kitenge, akiona goti dogo likiruka kamba, na kwa muda mrefu kuliko ule ambao angeweza kujisamehe baadaye, aliona watoto wengine kumi na mmoja kama namba tu, kama profesa alivyowaona.

Alipoondoka profesa, mlango wa ofisi ya katibu ulifunguka. Dada Tunsume, mwandishi wa kumbukumbu, alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Miaka kumi na tisa alikuwa ameandika maneno ya watu hawa, na hali hiyo ilikuwa imemfanya asiseme sana.

"Mama Kabula, kura yako wameitupa."

"Nimeona, dada."

"Mjumbe mwenye maslahi hana sauti. Mshiriki anayo." Alipunguza sauti. "Kanuni ya ishirini na sita. Siku ya kupitisha ridhaa za vivuli, mtoto mwenyewe akiwepo chumbani, kivuli chake kinazimika na anaulizwa yeye. Atakachosema kinakwenda nchi zote kama kilivyo, wala hakuna mwenye ruhusa ya kukihariri. Mashine ya kisiwani haiwezi kupiga muhuri mpaka kijibiwe."

"Kuna aliyewahi kuitumia?"

"Nani amlete mtoto huku? Vivuli vinakubali vyote. Sijawahi kusikia kimoja kikikataa." Akanywa chai ile baridi, akakunja uso. "Mimi sijakwambia kitu."

*

Mumewe, Machibya, alipiga simu jioni kutoka Sikonge, kwenye kiwanda cha asali, nyuma yake mashine zikivuma.

"Mke wangu, mtoto aliyekufa hazai vilevile," alisema.

"Najua."

"Basi muache apone. Ya kuzaa tutayalilia mbele."

"Na wale wengine kumi na mmoja? Baba zao wanajua?"

"Usiniulize mimi," alisema Machibya. "Mimi nitasema aponywe tu. Nikiulizwa mara mia nitasema hivyo mara mia." Na sauti yake ilipasuka, na Nyamizi akampenda.

Alimkuta Kabula jikoni anachambua choroko kwenye ungo, akiweka mawe upande wa kulia kwa mstari. Nyamizi alikaa chini kwenye kigoda. Alikuwa amejifunza shule ya jioni jinsi ya kueleza namna mimea inavyofyonza maji. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hili.

"Ile dawa inafagia uboho wote," alisema. "Nywele zitatoka. Utakaa chumba cha kioo wiki kumi na mbili, mimi nikikuona kwa nje. Kisha, Mungu akipenda, mifupa haitauma tena."

"Kabisa?"

"Kabisa. Lakini kuna kingine. Ukiwa mtu mzima, huenda usiweze kuzaa mtoto."

Kabula aliokota jiwe. "Kama shangazi Mbula?"

"Kama shangazi Mbula."

"Shangazi ana pikipiki."

"Ndiyo, anayo."

"Lakini siku ya sherehe ya mtoto mchanga wa jirani alilia chooni. Nilimsikia." Akaweka jiwe kwenye mstari. "Wamekubali watoto wote?"

"Vivuli vyao vimekubali. Na chako."

"Hata changu?" Kabula aligeuka kutazama kitone cha kijani kwa dharau kubwa, dharau ya mama yake kabisa. "Kwanza hicho hakijui hata kusoma."

"Kesho utakwenda na mimi. Watakuuliza wewe."

"Niseme nini?"

Nyamizi alifungua mdomo. Maneno yote mawili yalikuwepo, kubali na kataa, yamejipanga kwenye ulimi wake. Aliyameza yote mawili, yakashuka kama vidonge bila maji.

"Sikwambii," alisema. "Ukikubali nitakuwa mama yako. Ukikataa nitakuwa mama yako. Uongee kwa sauti tu, kule watu hawasikii vizuri."

*

Saa tano na nusu siku ya pili, uhariri ulikuwa umefanyika. Nyamizi alipokabidhiwa fomu mpya aliifungua kwa pupa ukurasa wa sita. Walikuwa wamefuta mabano. Maneno ya kamati ya nchi husika yaliondolewa, kichwa cha aya kikabaki kwa wino mzito, na chini yake nafasi nyeupe, safi, imenyooka kama shuka la hoteli. Wasomi kumi na mmoja na mashine moja walikaa juu ya jambo hili usiku kucha na hicho ndicho walichozaa.

"Imependeza," alisema Profesa Katunzi. "Sasa tupitishe ridhaa." Kisha akaona gauni la sare karibu na mlango. "Huyu nani?"

"Mshiriki namba tatu," alisema Nyamizi. "Kanuni ya ishirini na sita."

Dada Tunsume aliandika haraka, uso umeinama.

"Shikamoo babu," alisema Kabula.

"Marahaba," alijibu Profesa, maana kuna vitu hata profesa hawezi kuvikwepa. Aliangalia kioo cha ukutani. Wakili wa Nchi ya Kwanza alikuwa anapekua kanuni zake kwa haraka, akaipata, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyemeza mwiba.

Vivuli vilianza. "Mimi ni Malunde," ilisema sauti ya mvulana mdogo kwenye spika. "Nimeelewa. Nakubali." Ilichukua sekunde tatu. "Mimi ni Nshoma. Nimeelewa. Nakubali." Sekunde tatu nyingine. Nyamizi alimjua Nshoma. Alilazwa tangu Jumapili na mpira wa oksijeni puani, na Jumapili hiyo hakuweza kusema hata jina lake.

Kisha spika ikanyamaza. Kitone cha namba tatu kwenye kioo kilikuwa kimezimika. Nchi nne zilingoja.

Profesa aliona hapo nafasi ya kupendeza mbele ya wageni. Alitabasamu. "Haya mrembo wetu. Kivuli chako kilituambia umeelewa kwa asilimia tisini na nane. Umekubali, si ndiyo?"

Kabula alitazama mama yake. Nyamizi alishika kingo za kiti, asije akatikisa kichwa kwa upande wowote.

"Naomba karatasi," alisema Kabula.

Kicheko kidogo kilipita mezani. "Unajua kusoma?"

"Niko darasa la tatu, babu."

Akapewa. Alivuta kiti, akapiga magoti juu yake kwa shida kwa sababu ya goti lake, akatandaza fomu mezani kati ya sahani mbili za sambusa, na akaanza kusoma kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma wa pili. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akatazama saa. Mashine ya Nchi ya Pili ilitangaza kwamba muda wa kawaida wa ridhaa umepita mara themanini. Bega la kushoto la Kabula lilitetemeka mara moja. Alilisugua kwa mkono mwingine bila kutoa kidole kwenye mstari.

Ukurasa wa sita kidole kilifika mwisho wa aya ya kumi, kikashuka, kikasimama. Na Nyamizi, aliyetaka kweli iandikwe kwa ajili ya watoto kumi na wawili, alijisikia moyoni akiomba kwa nguvu zake zote, ruka, mwanangu, ruka tu hapo, upone. Kidole kilipita kwenye weupe ule kutoka kushoto kwenda kulia, polepole. Kikarudi. Kikapita tena.

Kabula aliinua uso, akamtazama Profesa, kisha watu wa kwenye kioo mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya kujibu darasani:

"Babu, hapa hamjaandika kitu."